Lamu Inahitaji Waziri wa Bahari

Nyumbani nina barua yenye mihuri mitatu ya kupokelewa, kila muhuri wa ofisi yake. Iliandikwa na wazee wa kijiji kimoja kisiwani Pate, nami nikaombwa niifikishe kwa kuwa naishi Amu, yaani mji wa Lamu, na safari ya Mokowe, ziliko ofisi za kaunti, kwangu ni fupi. Walichoomba wazee hakikuwa kikubwa: ngazi za jeti yao zilikuwa zimemong'onyoka, na maji yakipwa abiria hawana pa kukanyaga. Asubuhi niliyokabidhiwa barua hiyo nilimwona mama mjamzito akiteremshwa chomboni na vijana wawili, mmoja amesimama ndani ya maji hadi kifuani akimshika kiuno, mwingine juu ya jiwe lenye utelezi akimshika makwapa, huku nahodha akikaza upondo ili chombo kisipige jiwe.

Ofisi ya kwanza iliniambia kuwa jeti ni jengo, kwa hivyo niende kwa wanaosimamia majengo. Ya pili ikasema jeti ni usafiri. Ya tatu ikaona kwamba wanaoitumia zaidi ni wavuvi, na kwa njia hiyo nikarudishwa karibu na pale nilipoanzia. Hakuna aliyenijibu kwa ufedhuli. Wote walinipokea kwa heshima, na kila mmoja alisema kweli kwa mujibu wa majukumu aliyokabidhiwa. Ndiyo sababu nimeacha kuwalaumu maafisa, nikaanza kuuangalia mgawanyo wenyewe wa wizara.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 179, imeyaweka mamlaka ya utendaji ya kaunti mikononi mwa kamati tendaji, yaani gavana, naibu wake, na wajumbe wanaoteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge la kaunti. Wajumbe hao ndio tunaowaita mawaziri. Idadi yao ina kikomo: bunge likiwa na wajumbe 30 au zaidi, mawaziri hawazidi 10, likiwa na wajumbe chini ya 30, mawaziri hawazidi thuluthi moja ya wajumbe hao. Majirani zetu wa Kilifi, wenye wadi 35, wanaruhusiwa kufika 10. Sisi tuna wadi 10 tu, tatu za Lamu Mashariki na saba za Lamu Magharibi, na hata wakijumlishwa wawakilishi wa kuteuliwa hatufiki 30. Bunge la watu 18, kwa mfano, haliruhusu zaidi ya mawaziri 6. Lakini Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti, halikupunguza kazi kwa sababu kaunti ni ndogo. Majukumu 14 waliyokabidhiwa Kilifi ndiyo hayo hayo tuliyokabidhiwa sisi.

Basi hapana budi mambo mengi yafungwe katika fumba moja, na hapo ndipo busara ya gavana hujulikana. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka apange wizara zake kwa namna inayoitikia majukumu ya kaunti, lakini hakimlazimishi kuoanisha elimu na hiki wala biashara na kile. Uhuru huo ni mpana, na nadhani hatujawahi kuutumia ipasavyo.

Tuitazame bahari ilivyowekwa katika Jedwali. Uvuvi umo ndani ya kilimo, pamoja na mimea na mifugo. Uchukuzi wa kaunti umeorodheshwa ukianza na barabara, kisha taa za barabarani, maegesho, usafiri wa umma wa nchi kavu, na mwisho kabisa vivuko na bandari, ukiondoa udhibiti wa meli za kitaifa na za kimataifa. Walioipanga orodha hiyo walikuwa wakiandikia kaunti 47, na nyingi kati yake hazina hata tone la maji ya chumvi, kwa hivyo siwalaumu kwa kuanza na barabara. Kosa huja kaunti ya visiwa inapoiiga orodha hiyo ilivyo. Samaki akawa wa mtu wa kilimo, chombo kikawa cha mtu wa barabara, jeti ikawa ya mtu wa majengo, mgeni anayepanda jahazi akawa wa mtu wa utalii, na mgonjwa anayevushwa usiku akawa wa mtu wa afya. Bahari ni moja, na aliye ndani yake ni mtu mmoja, lakini shida yake imegawanywa vipande vitano.

Asiyeishi kwetu huenda akaona natilia chumvi. Mtu wa Faza akizidiwa usiku, barabara yake ni Mkanda, mlango wa bahari kati ya Manda na bara, na Mkanda hufuata mwezi: maji yakijaa chombo hupita, yakipwa watu hungoja. Upepo wa kusi ukikaza, njia ya nje ya Manda si ya kumpitisha mgonjwa. Dawa za zahanati za visiwani, saruji ya darasa la chekechea, unga, mafuta ya taa, karatasi za kupigia kura, vyote hupanda chombo kabla ya kuwafikia wenyewe. Siku ambayo jeti haikanyagiki, wizara ya afya imekwama na wizara ya elimu imekwama, hata kama bajeti zao zimepitishwa na fedha zipo.

Kuna jambo jingine ambalo naliona kuwa ndilo kiini cha hoja yangu, nalo halizungumzwi. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo ya 2012 kinasema kuwa anayeteuliwa kuwa waziri wa kaunti awe na shahada ya kwanza, na awe na ujuzi na utumishi uliotukuka wa muda usiopungua miaka mitano katika fani inayohusiana na wizara anayopewa. Maana yake ni kwamba jina la wizara ndilo linaloamua ni nani atakayepigwa msasa na ataulizwa nini. Ukiiita wizara ya barabara na kazi za umma, atakuja mhandisi wa barabara, naye atakuwa amestahili. Ukiiita wizara ya kilimo, atakuja mtaalamu wa mimea au wa mifugo, naye pia atakuwa amestahili. Hakuna hata mmoja kati yao atakayeulizwa mbele ya kamati anajua nini kuhusu bamvua, usajili wa vyombo, majaketi ya kuokolea, au namna ya kujenga ngazi zitakazokanyagika maji yakiwa yamepwa kabisa. Vijana wetu waliosomea uvuvi, sayansi ya bahari na ubaharia wapo, lakini sheria haiwezi kuwatafuta iwapo hakuna wizara yenye jina linalofanana na elimu yao.

Kwa sababu hiyo hiyo hunisikitisha magavana, katika kaunti yoyote ile, wanapowahamisha mawaziri kutoka wizara hii hadi ile kama wanaopanga viti barazani. Mtu aliyeidhinishwa kwa miaka yake mitano ya ualimu akihamishiwa fedha, ile miaka mitano haina kazi tena, na wananchi waliopewa nafasi na sheria ya 2017 ya kuidhinisha uteuzi kuleta taarifa ya kiapo kumhusu waliileta kwa wizara nyingine kabisa. Gavana ana haki ya kupanga safu yake, ila kwa maoni yangu uhamisho wa namna hiyo ungepaswa kurudi mbele ya bunge.

Najua kuna wanaosema kuwa nafasi sita au saba hazitoshi hata kuwaweka watu wote mezani. Hoja hiyo ni ya haki. Sheria yenyewe inataka uteuzi uakisi jamii na tamaduni za kaunti, na jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Mbajuni wa Kizingitini, Mwaweer wa Basuba, Muorma wa Witu, mkulima wa Mpeketoni na Mwamu wa Mkomani au Langoni wote wana haki ya kujiona ndani ya serikali yao. Lakini kumpata mtu wa kila upande ni jambo la kuchagua nani, na kuunda wizara ni jambo la kuchagua nini. Tukianza na nani, wizara hukatwa ili zitoshe watu, na kazi hubaki ikining'inia. Mtu wa bahari anaweza kutoka Kiunga kama anavyoweza kutoka wadi ya Hindi.

Wala siombi wizara ya ziada. Kwa mwaka wa fedha wa 2021/22, katika shilingi bilioni 370 zilizogawiwa kaunti, Lamu ilipata takriban bilioni 3.1, mgao mdogo kuliko wa kaunti zote. Ninachoomba ni kufungua mafungu na kuyafunga upya: uvuvi utoke katika kilimo, vivuko na jeti zitoke katika barabara, viwekwe chini ya waziri mmoja na bajeti moja, kisha barabara, majengo na maji visimamiwe pamoja.

Wapo pia watakaosema kuwa bahari kubwa ni ya serikali kuu. Ni kweli kwa bandari ya Kililana, ambayo gati lake la kwanza lilizinduliwa Mei 2021. Lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu ilipoamuru wavuvi takriban 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara waliyoipata kutokana na mradi huo, ni wakazi wenyewe waliokuwa wamekwenda mahakamani. Mradi mkubwa wa serikali kuu baharini ni sababu zaidi ya kaunti kuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ya kila siku ni kujua mvuvi amepoteza nini, wapi, na tangu lini.

Gavana wetu wa sasa, Issa Timamy, aliongoza kati ya 2013 na 2017, akarudi 2022, na Katiba hairuhusu vipindi zaidi ya viwili. Baada ya uchaguzi wa Agosti 2027 atakuja mwingine na baraza jipya. Watakaotaka kura zetu watapita Mtangawanda, Siyu na Ndau, na watafika kwa chombo kama sisi. Ningependa waulizwe hapo hapo jetini, kabla ya hotuba, wizara zao zitakuwa zipi na jeti hiyo itakuwa ya nani. Mimi nitakuwepo, na barua ya wazee nitakuwa nayo. Chini ya sahihi zao bado kuna nafasi ya muhuri mmoja.