Kukamua mara mbili au mara tatu: tuvitazame vimeng'enya

Mfugaji wa ng'ombe wa gredi siku hizi huhimizwa akamue mara tatu kwa siku badala ya mbili. Hoja ina uzito: kiwele kikikaa kimejaa, utengenezaji wa maziwa hupungua, hivyo anayekamua mara tatu hupata lita zaidi kwa ng'ombe yuleyule. Lita sizibishii. Ila maziwa yana vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ndani yake, navyo huamka au kutulia kulingana na tunavyokamua.

Kimoja ni lipasi, ndiyo inayovunja mafuta. Katika maziwa ya ng'ombe imo nyingi, kiasi cha kuweza kuyaharibu kwa dakika chache. Hayaharibiki kwa sababu kila tone la mafuta limevikwa utando mwembamba. Utando ukichanika, lipasi inaingia kazini. Mtazame mtu anayemimina maziwa kwenye keni ya alumini, ndoo ameiinua usawa wa kifua: povu linafura mpaka shingoni mwa keni. Msukosuko ule na hewa ile ndivyo vinavyochana utando. Kesho yake maziwa yana ladha ya sabuni, na chai yake inaacha ukali kooni. Kuchemsha kunaua lipasi, lakini mafuta yaliyokwisha kuvunjwa hayarudi.

Mashine ya kukamua hufanya kosa hilohilo mipira yake inapovuta hewa. Na hapo ndipo mara ya tatu inapoleta gharama, kwani vipindi vifupi hutoa matone makubwa ya mafuta yenye utando dhaifu. Uholanzi ilianza kutumia roboti za kukamua mashambani mwaka 1992, ng'ombe wakijipeleka wenyewe mara kadhaa kwa siku. Lita ziliongezeka, na asidi huru za mafuta, yaani vipande vya mafuta yaliyovunjwa na lipasi, nazo zikapanda.

Basi tukamue mara moja tu? New Zealand wapo wanaofanya hivyo, na wanapata nafasi ya kupumzika. Lakini maziwa yakikaa kiweleni takriban saa 18, maungio ya seli za kiwele hulegea na plasmini kutoka kwenye damu hupenya. Hiki ni kimeng'enya kinachokula kaseini, protini ya kugandishia jibini. Mimi nakihofia kuliko lipasi, maana joto la kawaida la kiwandani halikiui, na maziwa ya pakiti yakikaa muda mrefu huingia uchungu. Ugonjwa wa kiwele huleta plasmini hiyohiyo hata ukikamua mara tatu.

Kwa mwenye ng'ombe wawili watatu, ambaye maziwa yake husafiri kwa bodaboda barabara ya mawe, mara mbili zinatosha. Tatizo lake ni saa: wengi hukamua saa 11 alfajiri na saa 9 alasiri, usiku ukabaki na saa 14. Ukamuaji wa alasiri usogezwe hadi saa 11 jioni, ili vipindi viwili vilingane. Mara ya tatu naiunga mkono kwa ng'ombe aliyezaa karibuni na anayetoa maziwa mengi kweli, mradi ndoo ishushwe na maziwa yateleze taratibu ubavuni mwa keni.