Istanbul bila kubana bajeti: basi tubane muda

Mimi na rafiki yangu tunakwenda Istanbul mwezi wa kumi, na tumekubaliana tangu mwanzo kwamba safari hii hatutaihesabia senti. Miaka yote tumesafiri kwa ajili ya kazi, misiba na harusi za watu. Hii ni ya kwetu wenyewe. Yeye ana duka la nguo Kariakoo, mimi nimeajiriwa, na kila mmoja ameweka akiba kwa namna yake. Watu wakisikia mpango huu wanatuambia tuna raha, hatuna haja ya kujisumbua na ratiba, mambo mengine tutayajua hukohuko.

Sikubaliani nao. Bajeti ikilegea ndipo mipango inatakiwa ikaze. Mwenye pesa ya kuhesabu ana msaidizi asiyemlipa: pesa yenyewe inamwamulia alale wapi, ale nini, apande nini, akae siku ngapi. Sisi tumemwondoa huyo msaidizi. Tunaweza kulala Sultanahmet, Taksim, Karaköy au ng'ambo Kadıköy. Tunaweza kula mkate wa samaki pembeni mwa maji Eminönü, tunaweza pia kukaa kwenye ghorofa lenye meza za kitambaa cheupe. Kila kitu kinawezekana, kwa hiyo kila kitu kinataka uamuzi, na waamuzi ni watu wawili wanaopendana na kuoneana haya.

Hiyo haya ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko gharama. Nikimuuliza anataka nini, ananijibu, "Shosti, wewe amua tu, mimi popote." Kwetu jibu hilo ni heshima, na najua analitoa kwa moyo mweupe. Lakini safarini linamwachia mtu mmoja mzigo wa watu wawili. Hoteli ikiwa na kelele, ni yule aliyeamua. Chakula kikiwa hakina ladha, ni yule aliyeamua. Hakuna atakayelalamika, ila jioni ya siku ya tatu utaona mazungumzo yamepungua. Nimemwomba tuache kabisa hilo neno "popote". Kila mmoja aandike vitu vitatu ambavyo akirudi Dar bila kuvifanya atasononeka. Vingine vyote ni vya kujadiliana.

Vyangu ni vyepesi kuvitaja. Nataka kukaa kwa utulivu Topkapı, jumba la masultani wa Kiosmani, kwenye vyumba vya amana takatifu, ambako zimehifadhiwa panga na nywele za ndevu zinazonasibishwa na Mtume, na ambako Qur'ani husomwa humohumo ndani watu wakiwa wanapita. Nataka kusali Süleymaniye, msikiti ambao Sinan, msanifu majengo wa masultani, aliumaliza mwaka 1557. Na nataka kupanda kivuko bila safari yoyote ya maana, kwenda na kurudi tu. Vyake ni hamamu, yaani bafu la Kituruki la kuogeshwa, kaburi la Hürrem, na Laleli.

Kaburi la Hürrem halina shida, liko uani mwa Süleymaniye karibu na la mumewe, Sultani Suleiman. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zimewafanya watu wa Dar wajue ugomvi wa nyumba ile kuliko wa majirani zao, na rafiki yangu ni mmoja wao. Hamamu pia ni rahisi, mradi tuweke nafasi mapema. Ile ya Kılıç Ali Paşa kule Tophane, nayo kazi ya Sinan, asubuhi hadi alasiri ni zamu ya wanawake na jioni ya wanaume, kwa hiyo lazima iingie kwenye ratiba ya asubuhi. Hapa sitaki tubane hata shilingi. Kulala juu ya jiwe la moto chini ya kuba la karne ya 16, mtu akikusugua mpaka ngozi iwe kama ya mtoto, ni jambo la kulipia kwa furaha.

Laleli ndipo penye mjadala.

Asiyejua, Laleli ni mtaa wa nguo za jumla, na ukiingia pale utakutana na wafanyabiashara wa Afrika kutoka kila upande, wa Kariakoo wakiwemo. Wauzaji wanajua bei za kutaja kwa dola, na ofisi za kusafirisha mzigo ziko jirani na maduka. Rafiki yangu anaijua Istanbul kwa mlango huo. Ameshafika zaidi yangu, lakini mji wenyewe hajauona: alikuwa akitoka hotelini kwenda dukani, kutoka dukani kwenda kwenye kago, kisha uwanja wa ndege. Sasa anasema safari hii ni ya mapumziko, ila atapita Laleli "kidogo tu, nione mitindo ya msimu".

Hakuna "kidogo tu" Laleli. Duka moja linakupeleka kwa lingine, chai inaletwa, sampuli inafunguliwa, simu inapigwa kwa mteja wa Dar kumwonyesha rangi, na jua linazama. Sisemi hivyo kwa kumlaumu. Biashara ndiyo iliyompa hiyo akiba, na mtu hawezi kulivua duka lake kama koti. Ninachotaka ni liwe na siku yake kwenye ratiba, siku nzima, imeandikwa, na siku hiyo mimi nisiwepo. Yeye aende kwa amani bila kuangalia saa kwa sababu yangu, nami niende visiwani, Büyükada, ambako magari binafsi hayaruhusiwi na mikokoteni ya farasi iliondolewa mwaka 2020. Jioni tukutane tule.

Watu wengi wanadhani marafiki wakisafiri pamoja lazima waambatane kuanzia kifungua kinywa hadi kulala. Mimi naona siku ya kutengana ni sehemu ya mpango mzuri, na iwekwe mapema, mchana kweupe, kabla haijatafsiriwa kuwa ni hasira.

Kuhusu pesa yenyewe, kutobana bajeti hakumaanishi mifuko yetu inalingana. Yake ni pesa ya biashara: leo ipo nyingi, kesho imegeuka mzigo uliokwama bandarini. Yangu inaingia tarehe ileile kila mwezi na haiongezeki. Ni lazima tuseme hivyo kwa mdomo, tukiwa bado hapa, juu ya chai, maana yule mwenye kidogo siku zote ndiye hunyamaza na kukubali, kisha akirudi nyumbani anakopa. Tumepanga hivi. Kuna mfuko mmoja wa pamoja wa usafiri, chakula na viingilio, tunaoujaza sawa na kuujaza tena ukiisha, bila kuandika nani alikunywa juisi mbili. Ununuzi ni wa kila mtu na mfuko wake. Kwa chumba tumeweka kikomo cha juu, na kikomo hicho kinafuata uwezo wa mwenye mfuko mdogo, siku hii ni mimi, siku nyingine atakuwa yeye. Na kila mmoja ana ruhusa ya kusema "hiyo mimi napita" bila kuulizwa kwa nini.

Istanbul yenyewe inahitaji bajeti yenye nafasi ya kupumua. Mfumuko wa bei Uturuki ulifika zaidi ya asilimia 85 kwa mwaka mnamo Oktoba 2022, kwa takwimu rasmi, na bei za lira zimeendelea kupanda tangu hapo. Ukichukua makala ya miaka miwili iliyopita ukajipangia kila mlo kwa lira, utafika ukute hesabu yako haina kazi. Halafu baadhi ya viingilio vikubwa kwa wageni vinatajwa kwa euro. Hagia Sophia, iliyokamilika mwaka 537 ikiwa kanisa na kurudishwa kuwa msikiti mwaka 2020, tangu Januari 2024 inamtoza mtalii euro 25 kupanda ghorofa ya juu, ilhali anayekwenda kusali anaingia chini bila malipo. Rafiki yangu ni Mkristo. Jengo moja, siku moja, yeye atalipa na mimi sitalipa, na hataona nitakachoona wala mimi sitaona mozaiki zake hadi nami nikate tiketi. Bajeti ya kubana ingetulazimisha kuhesabu hapo. Mfuko wa pamoja unalipa, tunaendelea.

Kinachobana Istanbul ni siku za wiki. Topkapı hufungwa Jumanne. Jumba la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu. Soko Kuu lenye paa, lile la maduka maelfu, hufungwa Jumapili, ingawa soko la viungo pale Eminönü huwa wazi. Ijumaa mchana misikiti mikubwa ni ya swala, si ya matembezi. Ukiwa na kama wiki moja mkononi na huna habari ya mambo hayo, pesa zako zote hazitakufungulia mlango uliofungwa. Ratiba yetu imeanzia hapo: kwanza tumeandika kinachofungwa lini, kisha ndiyo tukapachika tunachotaka. Saa nazo zinatusaidia, kwa kuwa Uturuki inatumia saa zilezile za Afrika Mashariki mwaka mzima, na ndege ya moja kwa moja kutoka Dar ni kama saa saba tu. Tukishuka, mwili hautakuwa umechanganyikiwa.

Jambo jingine ninalolisimamia kwa nguvu ni teksi. Mwenye pesa huita teksi kila atokapo mlangoni, na Istanbul huo ndio mtego mkubwa. Mji una watu zaidi ya milioni 15, mlango wa bahari wa Bosporus umeukata vipande viwili, na magari yote yanagombania madaraja matatu na handaki. Jioni unaweza kukaa darajani ukaangalia mita inavyopanda hadi ukamsahau uliyekuwa unakwenda kumwona. Chini yenu, treni ya Marmaray, iliyofunguliwa Oktoba 2013, inapita chini ya bahari kati ya Üsküdar na Sirkeci kwa dakika chache. Na juu ya maji kuna vivuko.

Kivuko cha kutoka Eminönü kwenda Kadıköy kinachukua kama dakika 20, nauli unakata kwa kugusisha kadi ya Istanbulkart getini. Ndani, kijana anapita na trei ya chai kwenye bilauri ndogo zenye kiuno, vipande viwili vya sukari pembeni ya kisosi. Watu wanakaa nje upande wa upepo na mkate wa simit, ule wa mviringo uliojaa ufuta, wakiumega vipande na kuwarushia shakwe, nao shakwe wanavidaka hewani huku kivuko kinakwenda. Nyuma yako minara ya Süleymaniye na Hagia Sophia inarudi nyuma taratibu. Hakuna hoteli inayouza kitu hicho, na kinapatikana kwa nauli ya wafanyakazi wanaorudi nyumbani. Anayetumia pesa zake kukikwepa, kwa maoni yangu, amelipia kunyimwa.

Tukubaliane pia na habari ya "niletee". Ukitangaza tu kwamba unakwenda Uturuki, simu inaanza: shangazi anataka abaya, binamu anataka viatu namba 42, jirani anataka manukato, na hakuna anayetuma pesa. Ukiwa unajulikana huna bajeti ya kubana, orodha inakuwa ndefu maradufu. Rafiki yangu anaona aibu kukataa, mimi pia. Tumeamua zawadi ni lokumu, zile peremende laini za Kituruki, na chai kwa wote, vitu vya kubebeka, vinavyonunuliwa mara moja siku ya mwisho. Mwenye agizo maalumu atume pesa kabla, na ukubwa wake uandikwe. Mama pekee ndiye hana masharti.

Viza tutaishughulikia kabla ya kulipia chochote kisichorudishwa. Hilo halina mjadala.

Ambapo bado hatujaafikiana ni pa kulala. Yeye anataka Taksim, karibu na mtaa wa İstiklal, kwa sababu usiku pana watu na taa, na hapendi kurudi hotelini kupitia vichochoro vya kiza. Mimi nataka Kadıköy, upande wa Asia, hatua chache kutoka gatini. Pana soko la samaki, zeituni na achari ambalo wenyeji wenyewe ndio wanunuzi, pana chakula kizuri kila kona, na kila asubuhi tutaanza kwa kuvuka maji. Hata siku yake ya Laleli haiharibiki: anapanda kivuko hadi Eminönü, anaingia tramu ya T1, inamshusha palepale. Nimemtumia njia hiyo yote kwa WhatsApp pamoja na vyumba viwili vilivyo ndani ya kikomo chetu. Akinijibu Taksim na sababu zake akazieleza, tutalala Taksim. Akinijibu "popote", nitampigia simu.