Fedha za Moto Hufika Nyasi Zikishakauka

Kila Oktoba, moto ukipanda mlimani au ukiingia kwenye misindano ya Mufindi na Njombe, watu huuliza helikopta iko wapi. Waliuliza mwaka 2020 Kilimanjaro ilipoungua takriban kilomita za mraba 95. Wakauliza tena 2022 moto ulipozuka karibu na kambi ya Karanga, mlimani humohumo. Swali hilo linanikera, kwa sababu linakuja miezi mitano baada ya wakati wake. La kuulizwa ni la mwezi Mei: mafuta ya kuchomea na posho za vijana wa doria viko wapi?

Kwenye misitu ya miombo, uchomaji wa mapema, yaani kuchoma nyasi kwa makusudi kabla hazijakauka kabisa, hausubiri mtu. Unaanza mvua zikikatika, nyasi zikiwa zimenyauka juu huku mashina bado mabichi, kati ya Mei na mwanzo wa Julai kutegemea mahali. Unawasha jioni upepo ukitulia, umande wa usiku unauzima. Moto huo haupiti goti, unazimika ukifika bondeni penye unyevu, unaacha viraka visivyoungua, na viraka vilivyoungua ndivyo vitakavyokata mbio za moto wa Septemba. Ngoja hadi mwisho wa Agosti, kiberiti kilekile kinaua miche na kuunguza miti hadi matawini.

Sasa angalia mwaka wa fedha. Unaanza tarehe 1 Julai. Mei na Juni kasma, yaani fungu la bajeti, imekauka. Bajeti mpya ikipita, hadi fedha zishuke wilayani na taratibu za manunuzi zikamilike, ni Agosti au Septemba. Mafuta yaliyoombwa kwa ajili ya kuchomea yanaishia kwenye gari la kukimbilia moto. Huu si umaskini. Ni fedha zilezile, zimekosea mwezi tu, na kwa kosa hilo tunalipa msitu mzima.

Marekani nao waliumia. Mwaka 1995 moto ulikula asilimia 16 ya bajeti ya Idara ya Misitu. 2015 ulikula zaidi ya nusu. Fedha za kuzima zikiisha, walichota kwenye fungu la kinga, na kinga ikikosa fedha, moto wa mwaka unaofuata unakuwa mkali zaidi. Mwaka 2018 Bunge likatenga fungu la kuzima peke yake, likaanza kutumika 2020. Australia walikwenda mbali zaidi: Arnhem Magharibi, tangu 2006, kampuni ya gesi ilikubali kuwalipa wenyeji takriban dola milioni 1 za Australia kila mwaka kwa miaka 17 ili wachome mapema, kwa kuwa moto wa mapema hutoa gesijoto chache kuliko moto wa mwisho wa kiangazi.

Kwenye mashamba ya miti hesabu ni nyepesi. Kilomita 1 ya barabara ya moto, yaani ukanda mtupu wa kuzuia moto usivuke, yenye upana wa mita 10 ni hekta 1 ya kufyeka na kulima hadi udongo uonekane, kila mwaka, maana nyasi hurudi. Hekta 1 ya misindano iliyopandwa mita 3 kwa 3 ina miti 1,111. Ikiungua ikiwa na miaka 10, lazima upasue haraka kabla doa la buluu la kuvu halijaingia kwenye mbao, masizi yanamaliza makali ya msumeno, na majirani wote walioungua wanauza wiki hiyohiyo. Bei inaanguka.

Nakubali, uchomaji wa mapema una madhara. Ukirudia kitalu kilekile kila mwaka miche haiinuki, na mfugaji nyuki asipoambiwa mapema anapoteza mizinga. Juu Kilimanjaro, kwenye ukanda wa miti ya Erica, usichome kabisa: miti ile hunasa maji ya ukungu, na ikiungua, Bonde la Pangani linapungukiwa maji. Hasara hiyo haimo kwenye taarifa yoyote ya gharama za kuzima. Wala hazimo siku za wanakijiji wanaoitwa na matawi mabichi na mapanga, bila malipo, mashamba yao yakisubiri.

Kwa hiyo uchomaji uandikwe robo ya nne, Aprili hadi Juni. Fedha zake zilindwe zisihamishwe, mafuta yanunuliwe Machi, na mizinga ihamishwe kabla mvua hazijakatika.