Ndiyo ya Daniel Quare

Juma lililopita niliitwa kutoa ushahidi katika kesi ya mpaka wa shamba. Karani akaninyoshea Biblia. Nikamwambia mimi ni wa Kanisa la Marafiki, yaani Quaker, siapi. Nitathibitisha tu, na sheria inaniruhusu. Karani akasema, "Mzee, si ni maneno tu? Apa tuendelee." Watu wakacheka. Kicheko kile kimeninyima usingizi.

Maneno tu! Daniel Quare, Quaker kama mimi, alikuwa fundi saa London, akapokelewa katika chama cha mafundi saa mwaka 1671. Wakati ule magurudumu ya shaba yalimaliziwa kwa tupa, jino kwa jino, na jino moja likienda upande saa yote inagoma. Kazi ya namna hiyo ndiyo waliyoibeba maofisa mwaka 1678, saa za ukutani na za mfukoni, kwa sababu alikataa kulipia makasisi wa parokia wasiokuwa wake. Hakupigana nao. Alirudi kwenye meza yake akashika tupa.

Mwaka 1687 Mfalme James II alilinganisha saa ya Quare na ya kasisi Edward Barlow. Ya Quare ilikuwa na kitufe kimoja: ukikibonyeza gizani, inakugongea saa na robo zake. Ya Barlow ilihitaji viwili. Mfalme akaipenda ya Quare.

Miaka ikapita, Mfalme George I akataka awe fundi wake rasmi. Cheo kilidai kiapo cha utii. Akakataa. Mzee ambaye saa zake zilikuwa mifukoni mwa wakubwa akakubali kuingia ikulu kwa ngazi za nyuma, mradi asiape.

Nakubali, alikufa tajiri, na wenzake kwa mamia walifia magerezani. Lakini utajiri haukumlegeza, na hilo ndilo linalonigusa. Yesu alisema maneno yetu yawe "Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo". Nikiapa leo kwamba nasema kweli, jana sokoni nilikuwa nasema nini? Nyumbani kwa watoto je? Babu zetu walioipokea imani hii Kaimosi, magharibi mwa Kenya, kuanzia 1902 waliuziana ng'ombe kwa neno, na neno likasimama.

Kesi imeahirishwa hadi mwezi ujao. Karani akininyoshea tena Biblia, nitamjibu vilevile.