Maji ya Sagana yakishuka: ufuate mkondo mkubwa ama upite pembeni?

Mvua za vuli zikiisha na Januari ikashika, maji ya mto Sagana huku Kenya yanashuka, mawe yanaanza kutoa migongo nje, na ule ubishi wa watu wa rafti, zile boti za mpira za kujaza hewa, unarudi. Kuna wale wanasema huu ndio msimu wa kuleta wageni na watu wanaojifunza manake mto hauna nguvu, ukianguka unaelea kidogo unafika kwenye dimbwi la chini, basi. Alafu kuna wale wanasema hapana, mto wa mawe ukiwa na maji machache ndio wa kuogopa kuliko ukijaa. Na ndani ya huo ubishi kuna mwingine ambao mi naona ndio wenyewe kabisa: umefika juu ya mporomoko, pale mto unashuka kwa kasi katikati ya mawe, maji ni machache, unafuata pale maji mengi yanaingia hata kama panatisha, ama unajipenyeza pembeni pale panaonekana pole?

Nianze na wale wa kwanza manake hawako mbali na ukweli. Nguvu ya maji haipandi sawasawa na mwendo wake, mkondo ukienda mbio mara mbili unakusukuma kwa nguvu mara nne, na ukipungua hesabu inarudi hivohivo, mwendo nusu, nguvu robo. Kwa hivo mporomoko uleule ambao mwezi wa tano unakuvuta kutoka juu mpaka chini bila kupumua, Februari unakupa nafasi ya kuingia nyuma ya jiwe, kwenye yale maji yanayozunguka kurudi juu, wenyewe wanayaita edi, ukae hapo uangalie mbele na upange. Yale mawimbi ya kujikunja ambayo mto ukijaa yanashika rafti na kuizungusha papo hapo mengi yanakufa. Mto unakuwa mwembamba, kamba ya kuokolea ambayo kawaida ni mita 15 hadi 20 inafika ng'ambo bila shida, na mtu akianguka haendi mbali. Hizo ni faida za kweli na sioni kwa nini mtu azikatae.

Tena wana ushahidi mzuri wa mbali. Zambezi chini ya Victoria Falls, kwenye mpaka wa Zambia na Zimbabwe, msimu ambao watu wa rafti wanausubiri ni wa maji machache, kuanzia kama Agosti mpaka Desemba. Mto ukijaa, kwenye Aprili hivi, ile sehemu ya juu ya korongo haipitwi na safari za wageni. Sasa mtu anakuambia, ona, hata Zambezi watu wanasubiri maji yapungue.

Lakini hapo ndio mfano unaacha kufanya kazi. Zambezi ikipungua bado ni mto mkubwa, uko ndani ya korongo la mawe meusi ya volkano, una kina kirefu na madimbwi marefu kati ya mporomoko na mporomoko, na yale maji wanayoyaita machache kule yakiletwa Sagana ni mafuriko. Kule yakipungua mto unabaki na kina na unapoteza hasira. Huku kwetu, mto unaotoka Mlima Kenya na Aberdare na ambao kiangazi mashamba yote ya juu yanauvuta, yakipungua kinachopotea kwanza ni kina. Hasira inabaki mahali pachache, lakini kina kinaisha karibu kila mahali. Hivi ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya sana.

Wale wa upande wa pili basi wanasema nini. Wanasema kwenye maji machache wimbi sio adui wako mkubwa, adui ni kusimama. Maji yanaendelea na wewe umebaki. Mguu ndio mfano ulio wazi kuliko yote. Mtu ameanguka, maji yako kwenye mapaja, anaona chini kabisa, anaona mawe, akili inamwambia simama. Anasimama. Mguu unaingia katikati ya mawe mawili, mkondo unampiga mgongoni, unamlaza mbele, na sasa kichwa kiko chini ya maji ambayo angekuwa amesimama vizuri hayangemfika kifuani. Hapo hahitaji kina kirefu kuzama, maji ya nusu mita yanayokimbia yanatosha. Ndio maana kila mtu anafundishwa alale chali, miguu mbele, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, makalio ayanyanyue, na asisimame mpaka afike mahali maji yametulia. Na ndio maana nasema maji machache yanadanganya, juu mto ukijaa hakuna mtu anafikiria kusimama, haoni chini. Kiangazi anaona. Na sisi wengi tumekulia kuvuka mito kwa miguu, kusimama ndani ya maji kunatujia bila hata kufikiri.

Hata wale wamezoea Nile pale Jinja, Uganda, wanahitaji kuambiwa hii tena. Ile Nile inatoka Ziwa Victoria, kiangazi hakiigeuzi kuwa mto wa mawe, ukianguka uko kwenye maji mengi yenye kina na unafundishwa ujikunje mpaka wimbi likuachilie. Ukija na tabia hiyo Sagana mwezi wa pili utagonga mawe na magoti na uti wa mgongo. Mto ni mwingine, mwili unatakiwa ukae vingine.

Kitu cha pili ni kubanwa. Rafti ikigonga jiwe kwa ubavu, kila mtu anakimbilia upande wa mbali na jiwe, ni kawaida ya binadamu, na hapo ule upande unaotazama maji yanakotoka unazama, maji yanaupanda na rafti inajifunga kwenye jiwe. Inatakiwa kinyume, wote waruke upande wa jiwe, na wa kayaki, ile boti ndogo nyembamba, alikumbatie jiwe kabisa badala ya kuliegemea mbali. Maji ya mita 2 kwa sekunde yanasukuma kila mita moja ya mraba kwa nguvu kama ya kilo 200 ama zaidi, sasa fikiria rafti imejazwa imekunjwa hapo, watu wanne na kamba moja hawaitoi.

Cha tatu ndio kinaniogopesha mimi zaidi, ile mahali maji yanapita katikati ya mawe yaliyorundikana, kama chai kwenye kichungi, maji yanatoka upande wa pili na kilichokuwa ndani yake kinabaki. Mto ukijaa rafti inapita juu ya hayo mawe wala hujui yako. Ukishuka, mkondo wote unaelekea pale. Na ndugu yake ni jiwe lililoliwa chini. Hili unaweza kulitambua ukijua cha kuangalia: jiwe zima maji yanaligonga na kurudi, unaona povu limejikusanya mbele yake, na hilo povu lenyewe linakusaidia kukutupa pembeni. Jiwe ambalo maji yanalifikia kimya, hakuna povu, hakuna kurudi, maji yanapotea tu, hayo maji yanaingia chini yake na wewe utayafuata.

Sasa turudi kwa swali la njia. Wa pembeni wanasema, kule katikati ndio kuna nguvu, kwa nini nipeleke watu penye nguvu wakati kando kuna maji ya polepole? Mto ukijaa hiyo hoja ni nzuri sana. Kando kunakuwa na kina cha kutosha na unakwepa balaa yote ya katikati. Shida ni kwamba hiyo njia ya kando imetengenezwa na maji mengi. Yakishuka inakauka, ama inabaki na maji ya kukwamisha tu. Mto Colorado kule Grand Canyon Marekani unaonyesha hii vizuri: pale Lava Falls maji yakiwa juu kuna njia ya kushoto ambayo watu wanaipenda sana, yakishuka ile kushoto inakuwa mawe na boti zinalazimika kwenda kulia kwenye mawimbi makubwa. Na pale Horn Creek kuna mawe mawili juu ya mporomoko, maji mengi yanayafunika, machache yanayaacha wazi, na mporomoko unakuwa mgumu zaidi ukiwa na maji machache kuliko ukiwa na mengi. Mto mmoja, na kila mporomoko una kiwango chake cha ubaya. Hakuna sheria moja ya mto mzima.

Kwa hivo mi niko na wale wa kufuata maji. Penye maji mengi ndio pana kina, na kina ndio kinatenganisha mguu na mawe, na rafti na jiwe. Ile V inayochongoka kuelekea chini ya mto, ule ulimi laini wa maji, ndio mlango. V inayochongoka kuelekea juu ni jiwe limejificha. Kiangazi hizo V zinakuwa nyingi na ndogo ndogo, moja inakuingiza kwenye nyingine, na usipoziunganisha zote kabla ya kuingia utajikuta umechagua mlango mzuri wa chumba kibaya.

Lakini kufuata maji peke yake pia ni hatari na hapa wa pembeni wananipata. Maji hayachagui njia salama, yanachagua njia ya chini. Kwenye kona yanaenda kugonga ukuta wa nje, na ukuta wa nje mara nyingi ndio umeliwa chini. Kwa hivo mi naweka masharti mawili, nione kwa macho yangu mahali hayo maji yanatokea, na baada ya mporomoko kuwe na mahali pa kutuliza rafti kabla ya mwingine kuanza. Kimoja kikikosekana siingii, hata kama ni njia ambayo kila mtu anapita. Hasa hiyo ya kila mtu anapita! Anayeujua mto sana ndiye yuko kwenye hatari fulani, juu anaendesha kwa kumbukumbu ya mwezi wa tano wakati mafuriko ya mwezi wa tano yenyewe yamehamisha mawe.

Kuona kwenyewe kunataka miguu. Shuka kwenye rafti, tembea ukingoni mpaka mwisho wa mporomoko alafu uanze kuusoma kutoka chini kurudi juu, manake ukianza juu utapenda ule mlango wa kwanza na utakataa kuona ubaya wa mbele. Ukisimama juu ya mwamba kila kitu kinaonekana kidogo, inama mpaka macho yakaribie usawa wa maji uone tena. Tupa kipande cha mti pale unataka kuingilia ukifuate kwa macho. Kikiingia mahali kisitoke, hiyo njia imekataa. Alafu weka kijiti pale maji yanagusa ukingo, manake mvua inaweza kuwa inanyesha mlimani wakati Sagana kuna jua kali, na njia uliyoisoma saa nne sio lazima iwe ileile saa nane.

Kuna kitu kingine wa pembeni wanasema ambacho ni kweli na watu wa upande wangu hawapendi kukubali. Mkondo mkubwa unataka ujuzi. Unaingia, unageuka kabla ya ukuta, unavuka mkondo, na yote hayo kwa muda mfupi, na watu sita walioshika kasia asubuhi hii kwa mara ya kwanza hawawezi. Unaweza kupunguza, weka watu wanne badala ya sita rafti ikae juu, piga kasia kurudi nyuma ili uende polepole kuliko maji upate muda wa kuchagua, tofauti na mto uliojaa ambapo unakimbia. Lakini kama timu bado haiwezi, haiwezi. Hapo mi nakubali kando, ila sio kwa kupita na watu ndani. Watu washuke nchi kavu, rafti tupu ishushwe pembeni kwa kamba. Kupita kando ukiwa umejaza watu kwa sababu tu panaonekana pole, hapana.

Na kutembea je? Hili mi naona ndio jibu ambalo halipewi heshima yake. Mgeni amelipa, ametoka Nairobi asubuhi, anataka picha na mawimbi, sasa kumwambia beba helmeti tupite kwa miguu inaonekana kama kumuibia. Kwenye Zambezi hiyohiyo ya maji machache kuna mporomoko wa tisa, wanauita Commercial Suicide, safari za wageni zinashusha watu wanatembea. Iko kwenye ratiba na mgeni anaijua kabla hajavaa laifjaketi, kwa hivo hakuna anayeona ameibiwa. Huku pia inawezekana, kampuni iseme wakati wa kupokea pesa kwamba kuanzia Januari kuna sehemu huenda zikapitwa kwa miguu na kiongozi wa rafti ndiye ataamua hapohapo mtoni, bila pesa kurudishwa na bila kubishana ukingoni. Kiongozi ambaye ameondolewa huo mzigo wa kumridhisha mtu ataangalia yale maji tofauti kabisa.

Ukienda Februari basi, uliza mapema: mporomoko mgumu umekaguliwa kwa miguu lini mara ya mwisho, nani anasimama chini na kamba, na njia ya kutembea inaanzia wapi. Hilo la tatu ndio nasikiliza zaidi, juu kiongozi ambaye hajui njia ya kutembea inaanzia wapi hajapanga kuitumia.