Kabla ya Faini, Njooni Mtufundishe

Juzi jioni mama mmoja jirani yetu hapa Morogoro aliniletea karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwanangu, hebu nisomee, hawa watu wanataka nini?" Huyu mama anasaga karanga nyuma ya nyumba yake na kuuza siagi kwenye vikopo vya plastiki. Karatasi yenyewe ilikuwa nakala ya kaboni, mwandiko umefifia. Kiasi cha faini kilisomeka vizuri, lakini kosa liliandikwa kwa Kiingereza: namba ya kifungu na maneno manne. Nimesoma mpaka chuo, na bado sikuelewa amekosa nini.

Inaniuma kwa sababu mama huyu hajifichi. Mpaka leo anacho kile kitambulisho cha wajasiriamali cha shilingi 20,000 kilichoanza kutolewa Desemba 2018, amekitunza kwenye mfuko wa nailoni, akiamini kwamba kwa hicho alishamalizana na serikali. Nani alimwambia kuwa kitambulisho kile hakikuhusu usalama wa chakula? Nani alimweleza kuwa mwaka 2019 masuala ya chakula yalitoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, yakahamia TBS, shirika la viwango? Matangazo yalitolewa, najua. Ila mtu anayeamka saa kumi kukaanga karanga hasomi Gazeti la Serikali.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kanuni hizi za usalama wa chakula zina sababu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga hushambuliwa na ukungu uleule. Sitaki mwanangu ale siagi ambayo hakuna aliyeikagua.

Lakini hapo ndipo hasira yangu ilipo. Afisa aliyeandika faini aliingia kwenye chumba ambamo mama anaweka karanga zake. Magunia yamelazwa sakafuni, yameegemea ukuta, na ukigusa upande wa chini unahisi ubaridi wa unyevu. Alitazama, akatoka, akaandika faini. Hakusema "mama, pandisha magunia juu ya chaga, unyevu ndio unaoleta ukungu." Sentensi moja tu! Mama yule huchambua karanga kwenye ungo, punje kwa punje, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi anazitupa. Alifundishwa na bibi yake. Mtu wa namna hiyo angeambiwa sababu, angetafuta mbao siku ileile. Afisa alikuwa na elimu hiyo kichwani, akaondoka nayo, na magunia yakabaki palepale sakafuni. Hiyo faini imemlinda mlaji gani?

Ofisi ni nyingi na tozo ni nyingi. Hayo yamesemwa tangu Blueprint ya 2018, ule mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, siyarudii.

Wakaguzi, ninachotaka ni hiki: ukaguzi wa kwanza kwa mfanyabiashara mdogo uwe wa kumfundisha. Aachiwe karatasi ya Kiswahili inayosema kasoro ni ipi, ina madhara gani, airekebishe vipi, aende ofisi gani na lini mtarudi. Mkirudi mkakuta amepuuza, mtozeni, sitamtetea. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo karatasi ya faini haina kisingizio.

Na msaada upo, jamani. TBS imekuwa ikitangaza kwamba mjasiriamali mdogo anayepitia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hupewa huduma ya alama ya ubora bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo. Nilipomwambia mama alinyamaza, kisha akauliza mara mbili kama nina hakika. Amesaga karanga miaka yote hii akidhani alama ile ni ya viwanda vikubwa.

Jumatatu tunakwenda SIDO pamoja. Leo mwanawe anagongomea chaga uani kwa mbao za kreti, na mama ameniuliza kama kuanika karanga juani siku mbili kunatosha. Nimeliandika swali lake kwenye daftari, la kwanza kabisa.