Kuingia chuo sawa, ila nani anawasindikiza mpaka wamalize?

Kila matokeo ya form six yakitoka huku kwetu Mbeya mjadala ni uleule, madogo wa shule za serikali wasaidiwe vipi waende chuo. Wapo wanaosema serikali ishamaliza sehemu yake, ada form one mpaka four ilifutwa 2016, five na six ikafuata 2022, Bodi ya Mikopo nayo ipo tangu 2005, sasa mnataka nini tena? Hawajakosea, bila hivyo watoto wengi wa Rungwe na Mbarali form six wangeisikia tu.

Ila tunahesabu wanaoingia, wanaomaliza hatuwahesabu. Dogo wa jirani yangu hapa Uyole alipopata chuo mtaa mzima ulichanga, mama yake akauza viazi vyote mpaka vya mbegu, dogo akapanda basi na godoro jipya. Mkopo alipata ila upande wa ada walimpa nusu tu, kumbe baba yake ni marehemu na cheti cha kifo hakikuwepo, fomu alijaziwa na kijana wa stationari pale Mwanjelwa na hakuna aliyemwambia kile cheti kina uzito gani. Semesta ya kwanza akajikongoja, ya pili UE, mitihani ya mwisho wa semesta, ikamkuta na deni la ada la laki nne na kitu, akazuiwa mtihani. Karudi nyumbani, mama yake hata kanisani siku hizi anakaa nyuma.

Chuo nacho siwezi kukilaumu chote, kinategemea ada hizohizo kujiendesha. Na wanaosema bora VETA, vyuo vya ufundi, nawaelewa kabisa, fundi umeme mzuri hapa mjini halali njaa, na mkopo ni deni, ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara. Linaloniuma ni kwamba ushauri huo anapewa mtoto wa mkulima peke yake, mtoto wa bosi aliyefeli anatafutiwa chuo usiku na mchana.

Mimi naona hela ndogo ya semesta ya pili inaokoa wengi kuliko sherehe ya kumuaga. Mtaani kwetu nimependekeza nusu ya mchango ibaki kwa mweka hazina mpaka mitihani ikaribie, na mwalimu mmoja mstaafu kajitolea kukagua fomu za mkopo kabla hazijatumwa. Wazazi wawili wamekataa, wanataka hela yote mkononi, Jumapili tunakaa tena.